Je, Yafaa Kuandika Yaliyokwisha Andikwa?

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliosoma hapa kabla yetu, naomba nafasi ndogo niseme jambo moja juu ya somo la kompyuta. Wengi wetu hapa Bukoto husema kwamba anayeanza lugha ya C hana haja ya kuandika fanksheni ya kutafuta neno ndani ya maandishi, maana fanksheni hiyo imo tayari. Jina lake ni strstr, nayo imo katika kanuni za lugha hiyo tangu mwaka 1989. Mimi nami nalisema hivyo. Sasa sisemi tena, na sababu yake ni hii.

Muhula uliopita chama chetu cha kompyuta kiliingiza majina ya wanafunzi wa zamani katika kompyuta, yote kwa herufi kubwa, nami nikapewa kazi ya kuandika programu ya kuyatafuta. Siku ya wageni alikuja mzee mmoja, akataka kuona jina la marehemu kaka yake. Nikaandika SALI. Kompyuta ikajibu kuwa halimo. Mzee akanishukuru, akaenda zake. Jioni nikafungua daftari la zamani, nikaliona jina lile limeandikwa SSALI, kwa S mbili, kama Waganda wengi wanavyoliandika. Basi nikajiuliza: SALI si imo ndani ya SSALI? Mbona haikuonekana?

Kosa lilikuwa langu. Programu yangu ililinganisha S ya kwanza, ikakubali. Ikalinganisha S ya pili na A, ikakataa. Hapo ikalianza neno upya, lakini katika jina ikasonga mbele, isiitazame tena ile S ya pili. Nikaitengeneza iitazame tena herufi iliyokataa, nikafurahi. Mwalimu akaniambia nitafute KAKUONA ndani ya KAKAKUONA. Ikashindwa! KAK zilikubaliana, herufi ya nne ikakataa. Kumbe neno linaanzia herufi ya tatu, ambayo programu ilikuwa imekwisha ipita.

Dawa yake ni nyepesi. Shika hesabu mbili, zote zianze na 0: i ni mahali tunapoanzia katika maandishi, na j ni idadi ya herufi zilizokwisha kubaliana. Kwanza tazama neno[j]. Ikiwa ni '\0', alama ambayo C huweka mwisho wa kila maandishi, neno limekwisha, umelipata, jibu i. Kisha tazama maandishi[i + j]. Ikiwa ndiyo '\0', jibu -1, wala usisome herufi moja zaidi, kwani utakuwa umeingia shamba la mtu mwingine. Herufi hizo mbili zikilingana, ongeza j. Zisipolingana, rudisha j iwe 0, na i uiongeze kwa 1 tu, hata kama ulikuwa umefika mbali.

Wako mabingwa wasiorudi nyuma. Mwaka 1977 Knuth, Morris na Pratt walitangaza njia isiyorudi nyuma kamwe katika maandishi. Lakini wao hulichunguza neno kwanza, wajue ni wapi linajirudia lenyewe. Mimi sikurudi kwa sababu sikufikiri.

Ni kweli, kwa kazi ya watu yafaa kutumia strstr, na orodha yetu sasa yaitumia. Lakini anayeanza na aandike yake kwanza, kwa kalamu na karatasi, aijaribu kwa SSALI na KAKAKUONA. Hapo ndipo atakapojua kwamba kompyuta ikisema "halimo", huenda jambo limo, ila aliyeandika programu hakutazama vema. Asiyeandika hata mara moja ataliamini kila jibu, na atawaambia watu vivyo hivyo.

Mwenye maoni mengine na aandike, tumsome. Lakini yule mzee hatukumwuliza anakaa wapi. Kama gazeti hili litamfikia, namwomba radhi, tena namwambia: jina la kaka yako limo.