Matembezi ya Vilima vya Pugu

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alfajiri, tuliwachukua wanafunzi wetu wakubwa kutoka Kibaha hadi Kisarawe, ili tutembee katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Si mlima wa kutisha, ni vilima. Lakini kwa magoti yetu yaliyopita miaka hamsini, huo ni mlima kamili.

Njia ni nyembamba, yenye kivuli kizuri. Watu wengi huifuata siku za mapumziko, khasa kwenda kutazama mapango ya machimbo ya kale ya udongo mweupe, yaliyojaa popo. Vijana waliwasikiliza popo hao kwa makini kuliko wanavyolisikiliza somo letu la tajwidi!

Tukawaeleza kuwa Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi, hukata mji wa Dar es Salaam na kuishia baharini. Nao ulifurika Desemba 2011, watu wakafa. Msitu huyapunguzia maji ya mvua kasi ya kuteremka. Mbele kidogo tukakuta visiki na tanuri la mkaa lililokwisha poa. Tukawalaumu wakataji kwa maneno makali.

Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu, "Maalim, na anunuaye je? Kwetu hupikwa kwa mkaa kila siku."

Tukanyamaza. Gunia la mkaa lilikuwa limeegemea ukuta wa madrasa yetu, na fedha yake tulitoa sisi wenyewe. Tangu siku ile tumekuwa tukiulizia bei ya mtungi wa gesi.