Hatua Kwanza, Kanuni Baadaye

Wanafunzi wakiandikiwa 5, 8, 11, 14, huona upesi kwamba kila namba inaongezeka kwa 3. Wengi hukatizwa hapo hapo na kukaririshwa kanuni ya kupata namba ya 100. Huko ni kuwanyima utamu wa hesabu.

Utamu huo uko katika fumbo alilotoa Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883: kuhamisha rundo la visahani kutoka kijiti kimoja hadi kingine kati ya vijiti vitatu, kimoja kimoja, kikubwa kisikae juu ya kidogo. Kwa kisahani kimoja, viwili, vitatu na vinne, idadi ndogo kabisa ya hatua ni 1, 3, 7, 15. Sababu huonekana mikononi: vya juu huhamishwa, cha chini kinafuata, kisha vya juu hurudi juu yake. Basi idadi iliyotangulia huzidishwa kwa 2, ikaongezwa 1.

Visahani vikifika 10, mwanafunzi mwenyewe ataitamani njia ya mkato: 2 kwa kipeo cha 10, toa 1. Jibu ni 1,023.

Walimu, anzeni na visahani. Vipande vya maboksi vinatosha.