Maumivu Baada ya Kupasuliwa Si Uvivu

Mtu akirudi Masagati baada ya kupasuliwa ngiri, kidonda kikishafunga watu husema amepona. Msimu wa mpunga ukifika anapewa jembe. Akisema bado panauma, anaitwa mvivu. Sisi tunaona hiyo ni dhuluma, tena ina hatari: mgonjwa aliyeaibishwa hunyamaza hata anapozidiwa.

Ngozi hufunga upesi, lakini nyama za ndani na mishipa ya fahamu iliyoguswa huchelewa kupona. Kwa baadhi ya watu maumivu hupita miezi 3: panachoma, panakufa ganzi, au panavuta wanapoinama. Wengi hupata nafuu polepole.

Basi, wazazi na ndugu, mpeni kazi nyepesi. Asibebe gunia mpaka daktari aruhusu. Atembee kila siku. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Asichanjwe kwa wembe.

Akipata homa, usaha, uvimbe au kutapika, apelekwe hospitali mara moja. Maumivu yakipita miezi 3, arudi pia. Ifakara ni mbali, lakini nauli hiyo si hasara.