Tusome Maandishi Kabla ya Kutaja Bei

Mtu akileta kadi ya zamani yenye foto ya kiongozi wa taifa, wengi huuliza kwanza bei yake. Sisi wanafunzi wa lugha tuanze na tarehe, nayo mara nyingi imo katika maneno. Kadi iliyoandikwa «Mobutu Sese Seko» haiwezi kuutangulia mwaka 1972, alipoacha jina la Joseph-Désiré. «Zaïre» kama jina la nchi hutuweka baada ya Oktoba 1971. Lakini tahadhari: jina la zamani laweza kuchapwa upya, jina jipya haliwezi kuwapo kabla halijazaliwa.

Wako wanunuzi wanaopunguza bei wakiona mwandiko nyuma ya kadi. Mimi naona kinyume. Foto hiyohiyo ilichapwa kwa wingi, ila salamu ya Kiluba au Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono ni moja tu, na inaonyesha watu wa Kamina walivyoandika lugha zao. Kitivo chetu kinakili pande zote mbili za kila kadi, na kimuulize mzee aliyeitunza ni nani aliyeandika. Wazee hao wanapungua, na kadi zinauzwa.