Mwalimu Alipe, Mimi Nilipwe

Wacha nianze na pesa, kwa sababu kwenye semina za walimu pesa ndiyo kitu pekee ambacho hakiandikwi ubaoni. Agosti 2024 nililipwa Sh18,000 kwa siku mbili ili niwafundishe walimu wa Kericho na Bomet namna ya kufundisha insha. Mimi, niliyeacha chuo kikuu mwaka wa tatu, ambaye sijawahi kusimamia darasa hata kipindi kimoja. Safu ya pili alikaa dada wa rika langu, ana digrii ya ualimu, ni mwanagenzi katika sekondari ya msingi. Malipo yake ya mwezi mzima, kabla ya makato: Sh20,000.

Sikujua hilo siku ya kwanza. Ningejua, sijui kama ningefungua mdomo.

Kazi yenyewe niliipata kimjini. Mtu wa shirika fulani la Nairobi alisoma hadithi zangu, akaniuliza kama naweza "kuwachangamsha walimu." Mfuko ulikuwa mtupu, nikasema naweza. Nikaandaa slaidi arobaini. Mfano wa kwanza ulikuwa foleni ya magari Thika Road. Wa pili, ngazi za umeme kwenye duka kubwa. Nikapanda matatu hadi Litein nikijiona mkombozi.

Walimu walinisikiliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo ilinidanganya. Mwalimu wa Kenya amekalia semina nyingi mno. Anajua kutingisha kichwa, anajua kuandika jina kwenye orodha, anajua chai ya saa nne italetwa saa tano.

Saa nane na nusu mvua ikashuka. Kama hujawahi kukaa nchi ya majani chai, elewa kwamba huko mvua ya alasiri ni jirani, haibishi hodi. Ikageuka mawe. Mabati yakalia hadi sikujisikia mwenyewe. Nikapaza sauti, nikapaza tena, nikanyamaza. Projekta ikazimika na umeme.

Mama mmoja, mwalimu wa miaka zaidi ya ishirini, akainuka bila kuniomba ruhusa, akachukua chaki akaandika ubaoni: *Andika unachosikia. Usitumie neno mvua.* Walimu wote wakainama wakaandika. Mimi pia. Mwingine aliandika kuhusu baba aliyesimama mlangoni akihesabu kilo zinazopotea shambani, maana mawe yakishapiga machipukizi hakuna cha kupeleka kituoni kwa muda. Mstari wangu ulikuwa kuhusu ngoma. Ngoma, bana.

Mvua ilipopungua nikamwuliza aliupata wapi ule ujanja. "Mwanangu, huku asubuhi tunaongea, mchana tunaandika. Nani atasikika chini ya mabati?" Ratiba yake ya wiki ameipanga kufuata mawingu. Darasani kwake, shule iliyo kando ya mashamba makubwa, wanakaa watoto wa Kipsigis, Waluhya, Wakisii na Wajaluo ambao wazazi wao walifuata kazi ya kuchuma. Sera inasema mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya eneo lake. Eneo la nani hapo? Yeye alishajijibu kitambo: anaanza na Kiswahili, na ana daftari lenye maneno ya lugha zote nne. Hakuna aliyewahi kumwomba alionyeshe.

Sasa tuwekane wazi. Septemba 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilizindua mafunzo ya lazima ambayo mwalimu alitakiwa kuyalipia mwenyewe, Sh6,000 kila mwaka, ili alinde cheti chake cha kazi. Walimu walipopiga kelele waliitwa wavivu wasiopenda kusoma. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema wanagenzi wa sekondari ya msingi wametendewa kinyume cha haki. Mei wenyewe wakaingia barabarani, na wapo waliowauliza watoto watafundishwa na nani. Yaani mwenye ujuzi alipe ili asikilize, na mimi wa slaidi nilipwe ili niongee.

Najua jibu: mtaala mpya ulipoanza nchi nzima 2019 walimu walihitaji mafunzo. Kweli. Walipewa siku chache za likizo na kuambiwa waende wakatekeleze. Sipingi mafunzo. Napinga dhana kwamba maarifa hupanda basi Nairobi na kushuka Litein, na kwamba basi hilo halirudi na abiria.

Na msinipe ile hadithi tamu ya kijana aliyeacha chuo na kufaulu bila cheti. Kutokuwa na digrii hakukunizuia kuwafundisha wenye digrii. Kilichonipa kipaza sauti ni kwamba nilikuwa namjua mtu. Tunawalaani wanasiasa kwa hilo hilo kila siku mtandaoni.

Shirika liliniandikia tena Novemba, likitaka semina nyingine Bomet likizo ya Desemba. Nilijibu kwamba mwezeshaji awe yule mama, alipwe pesa zile zile, mimi niandike kumbukumbu kwa nauli tu. Wakaniuliza kama yule mama ana slaidi.

Nikawaambia ana daftari. Hawajajibu.