Mnaomcheka Mdada wa Mbwawa kwa Kutapika Kwenye Boti, Ile Laivu ya Asubuhi Hamkuiona?

Wiki nzima magrupu yamechafuka kwa klipu moja fupi. Mdada mchekeshaji wa mitandaoni, mtoto wa Mbwawa kule Kibaha, kainamia mfuko mweusi ndani ya boti ya kwenda Zanzibar. Wigi limehama upande, kope moja ya bandia imening'inia. Nyuma ya kamera inasikika sauti ya shosti wake, staa mwenye jina kubwa kumzidi, anacheka mpaka simu inatikisika.

Komenti ndo usiseme. Mshamba huyo. Kazoea bodaboda za vumbi. Mmoja kauliza, mtu wa Mkoa wa Pwani anashindwaje na bahari? Hiyo ilichekesha, haina ubishi, maana mkoa unaitwa Pwani lakini mtu wa Mbwawa akitaka kuiona bahari lazima apande gari kama mtu wa Morogoro.

Sasa basi, kutapika baharini si ushamba hata kidogo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo. Boti ikiyumba, sikio linasema "tunarushwa", macho yanatazama kiti na kusema "mbona tumetulia?" Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndo linalipa deni. Nelson, yule amirali mkubwa wa Uingereza ambaye maisha yake yote yalikuwa meli na vita, naye bahari ilikuwa inamchafua tumbo. Na huyo hakutokea Kibaha.

Halafu angalieni mwezi. Hii ni Julai, kusi limekolea. Watu wanaona posti za mastaa wameshika juisi ya embe kwenye mchanga mweupe wa Nungwi, basi wanadhani na safari yenyewe iko hivyohivyo. Thubutu. Kutoka Dar ni kama saa moja na nusu hadi mbili kwa boti ya mwendokasi, na bahari ikiwa mbaya kila dakika unaihesabu. Boti inapanda, inakaa hewani kidogo, halafu inashuka puu, tumbo lako linabaki kulekule juu. Maji yanapiga vioo. Wahudumu wanapita na mifuko kabla hata hujaomba, na ukiona hivyo jua wanaijua siku yao. Anaanza mtoto mmoja, anafuata mama yake, harufu ikishasambaa hata mabaunsa wanatafuta mfuko.

Na kurudi ndo balaa zaidi. Kusi linavuma kutoka kusini, kwa hiyo wakati wa kwenda mawimbi yanakusukuma kwa nyuma. Ukirudi Dar mnakutana nayo uso kwa uso.

Kosa alilofanya mdada ni lile la wageni wote. Kala chipsi mayai na soda pale bandarini, kakaa juu kabisa mbele apate picha kali, halafu kainamisha kichwa anaediti video. Hapo hata nahodha angetapika! Mbele na juu ndiko boti inakorusha zaidi. Kaa chini, katikati au nyuma kidogo, simu weka mfukoni, macho yaangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Kula kitu chepesi. Tangawizi inawasaidia wengi. Dawa ya kichefuchefu cha safari inamezwa kabla ya kupanda, muulize mtu wa duka la dawa, na ujue nyingine zinaleta usingizi. Ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa, kidonge kinatoka nacho.

Ila hayo yote madogo. Kubwa liko kwenye video nyingine, ambayo hakuna aliyeicheka.

Asubuhi ileile staa alikuwa laivu kutoka bandarini. Safari imechelewa kwa sababu ya upepo, na yeye anamfokea dada wa tiketi: hela yao imeshalipwa, hoteli inawasubiri, upepo gani huo wa kuwazuia watu. Abiria wanashangilia. Mioyo inapanda kwenye skrini. Mtu mzima anapigiwa makofi kwa kulazimisha boti iingie kwenye mawimbi, na mwenzake anaitwa mshamba kwa kutapika kwenye mawimbi hayohayo. Huo si uungwana.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, haimkomoi mtu birthday yake. Mv Skagit ilitoka Dar tarehe 18 Julai 2012, msimu huuhuu wa kusi, ikazama karibu na Chumbe, Zanzibar ikiwa si mbali tena. Boti yenyewe ilikuwa imetoka Marekani, huko ilikuwa ikivusha watu kwenye maji ya ndani ya jimbo la Washington. Miezi kumi tu kabla yake, Septemba 2011, Mv Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi wanaopiga makofi kwenye laivu leo walikuwa shule ya msingi, pengine hawakumbuki. Wazazi wao wanakumbuka vizuri sana.

Mdada wa Mbwawa karudi na boti siku tatu baadaye. Kaposti picha moja tu, hana wigi, kakaa chini katikati, mfuko mkononi, anaonyeshwa na mhudumu jinsi ya kufunga jaketi okozi. Like chache mno.

Staa yeye karudi na ndege. Ile laivu ya asubuhi kaifuta. Klipu ya kutapika bado ipo.