Kwako ni Historia, Kwetu ni Kosa

Nianze kwa kukiri, ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilificha. Siku niliyofyatua rivolva ya Webley, nilifurahi. Mkono uliruka juu, moshi ukaniingia puani, na nikataka kufyatua tena. Kwa hivyo usisome makala hii ukidhani imeandikwa na mtu asiyejua utamu wa kitu anachokipinga.

Nilikuwa kazini. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote nitakacholipwa. Mzee mmoja wa Nairobi, mstaafu, Mkenya mweusi kama mimi, alinipa shilingi 15,000 nimwandikie maelezo ya mkusanyo wake. Rivolva saba za kijeshi kwenye kabati la kioo, leseni kwenye fremu ukutani. Kila moja alitaka maneno 300. Imeundwa wapi, mwaka gani, ilibebwa na cheo gani.

Nikasoma, na nikajua mengi. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia Webley mwaka 1887. Mark VI, ile kubwa ya .455, ikaja 1915, vita vikiwa vimechacha. Ukiifungua inakunjika katikati kama kitabu, na maganda yote sita yanarushwa nje kwa mpigo mmoja. Ni ufundi wa Birmingham, na ni ufundi mzuri, siwezi kudanganya.

"Hii ni historia tu, kijana," mzee aliniambia.

Hiyo "tu" ndiyo imenileta hapa.

Mimi ni wa Ogwedhi, Migori, pale mpakani na Trans Mara ambapo Mjaluo, Mmaasai na Mkuria wanajuana kwa sokoni na kwa ng'ombe walioibwa. Nyumbani kwetu palikuwa na rivolva. Babu ya baba yangu alichukuliwa kwenda Kariakor, ile jeshi ya wabeba mizigo ya vita vya kwanza. Huko, wacha tuelewane, Mwafrika hakupewa bastola. Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, na ofisa wa KAR wakati huo alikuwa mzungu. Askari mweusi alibeba bunduki. Mbeba mizigo alibeba mizigo, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Soko la Kariokor pale Nairobi limebaki na jina lao, lakini wangapi tunaonunua viatu hapo tunalijua hilo?

Yeye alirudi. Alirudi na homa, blanketi, na rivolva iliyovunjika kijinyundo. Aliipataje, hakuna anayejua kwa hakika. Ilikaa ndani ya dero, chini ya mtama, miaka na miaka. Haikuwahi kumpiga hata kunguru.

Nikiwa darasa la tatu, kukatangazwa msako wa silaha. Kila baada ya wizi mkubwa wa ng'ombe huwa kuna msako. Dana akaogopa. Akaifunga ile chuma kwenye leso, akaipeleka mwenyewe kwa ofisi iliyokuwa karibu. Aliulizwa ni nani mwingine kwenu ana bunduki. Alikalishwa hadi jioni. Risiti hakupewa. Hakuna aliyemuuliza ilitoka wapi, na hakuna aliyeandika hata sentensi moja.

Kwa rivolva saba za mzee nililipwa niandike maneno 2,100. Kwa ile ya dana, hakuna neno. Ukitaka kujua hoja yangu yote iko wapi, iko hapo.

Utaniambia sheria ni sheria, mzee ana leseni, dana hakuwa nayo. Sawa. Lakini angalia namna sheria inavyoongea na watu wawili. Desemba 2018 serikali iliamua kila raia mwenye leseni ya silaha akaguliwe upya. Waliitwa, wakapanga foleni, wakajaza fomu. Huko kwetu hakuna anayeitwa kwa fomu. Huko lori linakuja alfajiri.

Na tusijifanye hatujui leseni ya bastola ilivyowahi kutumika nchi hii. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Nyeri, Oktoba 21, 1956. Kortini hakushtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva ya Webley na Scott, .38, na risasi sita. Basi. Chini ya kanuni za hali ya hatari, hilo lilitosha kumuua mtu, na Februari 18, 1957 alinyongwa Kamiti. Ofisa aliyevaa chuma cha aina hiyo hiyo kiunoni alikuwa kazini tu. Kwa hivyo ukiniambia rivolva ya Mwingereza ni pambo, nitakuuliza: pambo la upande gani wa kamba?

Wakusanyaji wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema wao ndio wanahifadhi, kwa sababu serikali inachoma. Ni kweli. Mwaka 2016, kule Ngong, zilichomwa silaha zaidi ya 5,000 zilizotwaliwa, na Naibu Rais akiwa pale. Nilipoziona zile picha za moto nilijiuliza kama chuma cha dana kiko ndani. Mimi sililii bunduki ya mwizi wa ng'ombe, ichomwe. Ila kuchoma bila kuuliza kila moja ilitoka wapi ni kuchoma ushahidi. Hapo mkusanyaji na mimi tuko pamoja.

Tunaachana pale anapoipakia risasi. Huwezi kusema unahifadhi kitu na Jumamosi unakilipua. Risasi za .455 siku hizi ni adimu, kwa hivyo Webley nyingi zilizouzwa Marekani zilikwanguliwa silinda nyuma ili zikubali .45 ya huko, yenye presha kubwa kuliko ile iliyokusudiwa. Chuma cha miaka mia kinapasuka hivyo. Huo ni uhifadhi gani? Sema unapenda mlio. Mimi pia niliupenda. Lakini usiuite historia.

Tena rivolva inayofyatuka bado ni rivolva. Kabati huvunjwa, mzee hufa, watoto hugawana mali. Risasi haiulizi umri wa mtutu.

Ninachotaka ni kidogo. Rivolva za vita zilizobaki nchini zizibwe mitutu na zipelekwe makumbusho ya umma, na nyingine zije Kisumu na Migori, si Nairobi pekee. Huku ndiko Wajerumani walipita Septemba 1914 wakienda kuiteka Kisii, na huku ndiko wabeba mizigo walichukuliwa. Ziwekwe mahali mtoto wa Ogwedhi anaweza kusimama mbele ya kioo bila leseni. Na kabla ya moto mwingine kuwashwa Ngong, mtu akae na kalamu aulize: mama, hii mliitoa wapi?

Mzee nilimpa kazi yake kwa wakati. Kwenye rivolva ya saba, Mark VI, niliongeza aya moja ambayo hakuiagiza, kuhusu watu waliobeba masanduku ya risasi zake kwa kichwa. Aliikata. Pesa alilipa yote.

Aya yenyewe bado ninayo. Dana haisomi Kiingereza, kwa hivyo nilimsomea kwa Dholuo. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nadhani watairudisha ile leso.